Amjuaye Ng'ombe Wake

Rongo ni mji wa barabarani. Magari yatokayo Kisii kwenda Migori na Isebania, mpakani mwa Tanzania, hupita katikati yake usiku na mchana, na ukitoka mjini kidogo utaona miwa pande zote mbili za lami. Tangu kiwanda cha Sony kilipoanza kusaga miwa kule Awendo mwaka wa 1979, watu wa sehemu hizi wakizungumzia mapato huzungumzia ekari, tani na trekta. Lakini shika njia yoyote ya udongo, upite katikati ya miwa, na utafika kwenye boma lenye ng'ombe wawili watatu, mbuzi kadhaa na kuku wanaochakura chini ya mwembe. Mwenye boma hatakuambia kwamba yeye ni mfugaji. Atakuambia ni mwalimu, ni karani au ana duka mjini, na hao ng'ombe anao kwa mapenzi tu.

Nataka kuusifu ustadi wa watu hawa. Nimekaa karibu nao, na sijaona kazi inayodai uangalifu mwingi hivyo, kila siku ya Mungu, huku ikisifiwa kidogo hivyo. Fundi seremala humaliza meza akaiacha, na meza ikabaki ilivyo. Mfugaji hamalizi. Kazi yake ya jana imeshaliwa na kunywewa, na leo anaianza upya. Ustadi wake umejengwa juu ya jambo moja: kumjua kila mnyama jinsi alivyo siku zote, ili siku akibadilika ionekane mapema.

Boma ninaloandika habari zake liko Kamagambo, si mbali na mji. Mwenyewe ni mstaafu wa shule ya msingi, na kila mtu humwita Mwalimu. Mkewe, Mama, ndiye mwenye mbuzi na kuku. Anayeshika ng'ombe ni kijana aliyetoka upande wa Kuria, na kwa kuwa wenyeji wake ni Wajaluo, lugha ya zizi hilo ni Kiswahili. Ng'ombe ni wanne na ndama mmoja: wawili wa gredi, machotara wa Ayrshire, mmoja mweupe na mwenzake mwekundu, mtamba mmoja, na zebu mzee mwenye nundu, ambaye Mwalimu hataki kusikia habari za kumuuza.

Kazi ya kwanza ya siku ni kutazama. Alfajiri, kabla ndoo wala panga havijaguswa, kijana husimama mlangoni pa zizi asifanye lolote. Anaangalia nani amelala, nani amesimama peke yake, nani anacheua. Ng'ombe mzima hucheua saa saba au nane kwa jumla katika siku moja, na sehemu kubwa hucheua akiwa amelala usiku, kwa hiyo alfajiri taya zinapaswa kuwa zinakwenda. Pua iwe na unyevu. Masikio yageuke kufuata sauti. Kisha anatazama chini. Kinyesi kinachoanguka kama uji mzito, kikajikusanya mahali pamoja, ni habari njema. Kikiwa maji, huenda ni majani machanga ya mvua au minyoo. Kikiwa vipande vigumu, jana maji hayakutosha.

Mwanzoni nilidhani ni kijana mwenye usingizi anayechelewa kuanza kazi. Mwalimu ndiye aliyenieleza sababu. Ukimwaga majani kwenye kihori kwanza, ng'ombe wote husimama na kusogea, na mgonjwa huchanganyika na wazima. Mnyama anayeliwa na wanyama wengine amezoea tangu asili kuficha udhaifu wake. Anapoona mtu na chakula hujikaza. Zile dakika chache kabla hajajua kwamba anatazamwa ndizo humwonyesha alivyo.

Baada ya kutazama, kukamua. Hapa mikono ya kijana inastahili kuangaliwa kwa karibu. Huosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, kisha hukikausha kwa kitambaa, na kila ng'ombe ana kitambaa chake. Maji hayo ya vuguvugu na mguso wa mikono huufanya mwili wa ng'ombe uachilie maziwa, na kuachilia huko hudumu dakika chache tu. Ukishaosha, umeanza safari. Huwezi kwenda kutafuta ndoo wala kujibu simu. Michirizi ya kwanza ya kila chuchu haiingii ndooni. Huangukia kwenye kikombe cheusi, na kijana huinamisha kikombe kwenye mwanga kutafuta vidonge vidogo vyeupe au majimaji, dalili za kwanza za ugonjwa wa kiwele. Ugonjwa huo huanza bila uvimbe wala homa, na anayesubiri kiwele kivimbe amechelewa.

Halafu vidole. Kidole gumba na cha shahada hufunga chuchu juu, maziwa yasirudi, kisha vidole vingine hufuata kimoja baada ya kingine kwenda chini. Havivuti. Wengi wetu tulipofundishwa kukamua tulivuta, na kuvuta huumiza chuchu kwa ndani, pakawa na kovu na njia ya vijidudu. Mikono ya kijana huyu hupokezana bila haraka na bila kusita, na mlio wa maziwa ndooni hubadilika kadiri povu linavyopanda. Akimaliza, huchovya kila chuchu kwenye dawa. Kisha humimina kihorini sehemu ya chakula aliyokuwa ameibakiza makusudi. Tundu la chuchu hukaa wazi kwa muda wa nusu saa hivi baada ya kukamua, na ng'ombe anayekula hatalala kwenye tope.

Zebu ana utaratibu wake. Hatoi tone mpaka ndama wake aje anyonye kidogo kwanza, na akishatoa, ni lita moja au mbili za maziwa mazito. Kwa hesabu ya lita tu angekuwa ameondoka zamani. Mwalimu anamweka kwa hesabu nyingine. Mwaka ambao mvua fupi zinakatika mapema na nepia inanyauka, zebu huendelea kuishi kwa majani ambayo machotara huyakataa, na magonjwa ya kupe ambayo huwalaza wenziwe yeye huyapita kwa miguu yake. Ukoo wake umeishi na kupe wa hapa kwa vizazi vingi.

Kupe ndio vita vikuu vya mfugaji wa sehemu hizi, na hapa ndipo nilipoelewa kwamba uangalifu wa kila asubuhi ni tiba. Ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia anayependa kujificha ndani ya sikio la ng'ombe. Dunia iliufahamu vizuri ugonjwa huu mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki kuupeleka kusini mwa Afrika, ukaua mifugo isiyo na idadi. Kijidudu chake hubebwa na kupe, lakini hakiwi tayari kuambukiza mara kupe anapouma. Kupe anahitaji kunyonya damu kwa siku tatu au nne hivi ndipo kijidudu kikomae kwenye mate yake. Kwa hiyo kupe aliyeng'olewa leo asubuhi baada ya kujishikiza jana ameondoka kabla hajafanya kazi yake mbaya. Kijana hupitisha vidole ndani ya masikio ya kila ng'ombe, kisha chini ya mkia na katikati ya mapaja, kila siku. Dawa ya kunyunyizia huja mara moja kwa wiki. Vidole huja kila asubuhi.

Nilikuwapo asubuhi moja aliposema, "Mwalimu, huyu mweupe leo hacheui."

Mwalimu hakumuuliza ana hakika gani. Aliingia ndani akatoka na kipimajoto. Joto la ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. La mweupe lilikuwa limepita 40. Kijana akaushika mkono wangu akauweka chini ya sikio, nyuma ya taya. Pale palikuwa na tezi iliyovimba, ngumu, inayoteleza chini ya ngozi. Upande wa pili tezi haikuonekana. Ng'ombe alikuwa amesimama, macho yake mazuri, na nikiri kwamba mgeni asingeona kasoro yoyote. Daktari wa mifugo alifika kabla ya adhuhuri. Dawa ya ndigana ipo na inafanya kazi vizuri, ila inafanya kazi vizuri mwanzoni. Mapafu yakishajaa maji na povu likatoka puani, dawa ile ile, kwa bei ile ile, mara nyingi hushindwa. Mweupe alirudi kwenye lita zake za kawaida. Alichookoa daktari kwa sindano, kijana alikuwa ameanza kukiokoa kwa macho.

Kuna kinga pia, na Wakenya tuna haki ya kujivunia asili yake. Chanjo ya ndigana kali ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970: ng'ombe hupewa vijidudu hai kwa kipimo, na papo hapo dawa ya kuvizuia visimshinde, mwili ukajifunza kujilinda. Ni Muguga hiyo hiyo ambako Walter Plowright alitengeneza chanjo ya sotoka, kazi iliyompatia Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 1999. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, na mwaka wa 2011 dunia ikatangaza kwamba imetoweka kabisa. Ndama wa Mwalimu huchanjwa ndigana. Lakini chanjo haizuii magonjwa mengine ya kupe, na vidole vya asubuhi havijapumzishwa.

Ustadi huu ni wa mahali. Mtu huyu huyu angehamia Bonde la Lambwe kule Homa Bay, jirani na Mbuga ya Ruma, angelazimika kujifunza upya, kwa maana adui wa kule ni mbung'o na ugonjwa wake wa nagana, ambao humkausha mnyama polepole. Ndiyo sababu sipendi ushauri wa ufugaji unaotolewa kana kwamba nchi nzima ni zizi moja.

Chakula kinahitaji akili kama maradhi. Ng'ombe wa maziwa hula majani mabichi kilo 40 au zaidi kwa siku, na hunywa mitungi mitatu ya lita 20 bila kusita siku ya jua. Maziwa yenyewe, sehemu karibu tisa katika kumi ni maji. Anayebania maji amebania maziwa. Rongo ina bahati ya miwa. Wakati wa kuvuna, ncha za miwa hubaki shambani bure, na wakati wa kiangazi ndizo humwokoa mfugaji. Lakini Mwalimu hulisha ncha hizo kwa tahadhari, kwa kuwa hujaza tumbo na kuleta protini kidogo sana. Ng'ombe aliyeshiba miwa tupu atapunguza maziwa huku mwenyewe akishangaa, maana kihori hakikuwa tupu hata siku moja. Kwa hiyo ncha za miwa huchanganywa na marando ya viazi vitamu, ambayo katika nchi hii inayopakana na Kabondo hayakosekani, na desmodiamu.

Desmodiamu hiyo ina historia yake, na historia hiyo ni ya hapa hapa ziwani. Katika miaka ya 1990, kwenye kituo cha Mbita cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa Rothamsted, Uingereza, walibuni namna ya kupanda mahindi inayoitwa sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi. Harufu yake hufukuza nondo wanaozaa funza wa mabua, na mizizi yake huua kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi kutoka chini ya ardhi. Nepia hupandwa kuzunguka shamba. Huwavuta wale nondo, wakataga mayai mahali ambapo funza wengi hufa. Mahindi hupona. Na mwenye ng'ombe hupata jambo jingine: nepia ni malisho, na desmodiamu ni jamii ya kunde, yenye ile protini ambayo miwa haina. Mwalimu alianza kwa kutaka mahindi. Leo, ukimsikiliza, utadhani mahindi ndiyo ziada.

Nepia nayo ina wakati wake wa kukatwa. Ikikatwa chini ya magoti ni maji matupu. Ikiachwa mpaka imzidi mtu urefu ni mabua, na ng'ombe hula majani akaacha fimbo. Kijana hukata ikiwa kiunoni hadi kifuani, na huacha shina la kiganja kimoja ili lichipue. Majani yaliyokatwa yana umande huanikwa kwanza yanyauke kidogo, hasa mvua ndefu zinapoanza, maana majani machanga yenye maji yakiliwa kwa pupa hujaza tumbo gesi, na ng'ombe aweza kufa kabla ya saa sita mchana. Mtama mchanga uliochipua baada ya ukame hapewi kabisa, una sumu. Mambo haya hayakuandikwa ukutani. Yapo kwenye kichwa cha mtu mwenye panga, naye huyaamua kila asubuhi akiangalia mawingu.

Upande wa pili wa boma ni milki ya Mama. Mbuzi wake hulala kwenye banda lililoinuliwa, sakafu ya mbao zilizoachana kidogo ili kinyesi kianguke chini, kwa sababu mbuzi akilala pakavu amepona nusu ya magonjwa yake. Kabla ya kutoa dawa ya minyoo, Mama huvuta kope ya chini ya kila mbuzi. Ndani pakiwa pekundu, mbuzi anaachwa. Pakiwa peupe, minyoo inanyonya damu, na huyo ndiye hupewa dawa. Kuwapa wote kila mara ni kupoteza fedha, na zaidi ya hapo ni kuwazoeza minyoo dawa mpaka isiwaue tena. Nimewaona watu wenye elimu kubwa wakiwanywesha mbuzi wote kwa tarehe ya kalenda. Mama hufuata kope.

Kwa kuku ndipo nilipomvulia kofia. Kuku wa kienyeji hulalia siku 21, kila mmoja kwa wakati wake, na hivyo ndivyo vifaranga wa rika mbalimbali hutawanyika boma zima wakachukuliwa na mwewe mmoja mmoja. Mama huwapanga. Kuku wa kwanza anayetaka kulalia hupewa mayai mawili matatu yasiyofaa, yamshikilie kiotani. Wa pili akianza, naye hivyo hivyo. Wakifika watatu, usiku mmoja huondoa mayai yale na kuwawekea mazuri, kumi au kumi na mawili kila mmoja. Wiki ya kwanza ikiisha huyamulika kwa tochi gizani: yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu ikitandaa, na lililo wazi huondolewa. Vifaranga wote huanguliwa pamoja. Mmoja kati ya wale kuku watatu hupewa kulea, na wawili hurudi kutaga mapema. Hakuna mashine wala umeme. Kuna kujua tabia ya kuku na kuitumia.

Kideri ndicho adui aliyemaliza mabanda mengi ya Nyanza. Hakina tiba, kina chanjo: tone moja la jicho, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku 100 au zaidi, na ikishafunguliwa hailali, kwa hiyo Mama huwaita majirani zake wachange. Kazi hufanywa jioni, kuku wakishapanda kulala, kwa kuwa kuku wa mchana hashikiki na jua huiharibu dawa. Mmoja hushika, mmoja hutia tone na kusubiri kuku apepese jicho ndipo amwachilie. Akiachiliwa kabla ya kupepesa, tone limeanguka chini. Jioni hiyo moja huwalinda kuku wa mabanda manne au matano, na ulinzi huo hauwezekani kwa mtu mmoja peke yake, kwani kideri hakijui ua. Kuku mgeni naye hakosi kamba mguuni. Kwa Mama methali hiyo ni amri: aliyenunuliwa sokoni hukaa peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine.

Kila jambo lililokwisha kutendwa huingia daftarini. Daftari la Mwalimu ni la kawaida, la shule, na kila ng'ombe ana kurasa zake. Humo mna tarehe ya joto, tarehe ya kupandishwa, jina la fahali, tarehe ya kuzaa, lita za asubuhi na jioni. Joto hilo la kutaka dume hurudi kila baada ya siku 21 hivi, na dirisha lake ni fupi. Ng'ombe anayesimama kimya apandwe na wenzake ndiye aliye tayari. Akionekana asubuhi, mtaalamu wa mbegu huitwa jioni, na akionekana jioni, huitwa kesho yake asubuhi. Ukikosa, umeongeza siku 21 za kulisha ng'ombe asiye na mimba. Mbegu hutoka kwenye kituo cha taifa kule Kabete, kilichoanza mwaka wa 1946, na jina la fahali huandikwa ili binti asije akapandishwa kwa baba yake. Mtamba hachaguliwi fahali wa ndama wakubwa, hata kama binti za fahali huyo husifiwa kwa maziwa. Mwalimu hutaka kwanza mtamba azae salama.

Na ndama akizaliwa, saa za kwanza ni za dang'a. Ndama huja duniani bila kinga katika damu yake. Kinga yake yote imo kwenye maziwa hayo mazito ya manjano, na utumbo wake huweza kuipitisha kwenye damu kwa siku moja tu, tena saa sita za kwanza ndizo bora. Baada ya hapo mlango umefungwa. Ndiyo maana siku za kuzaa kijana hulala karibu na zizi, na ndama akishindwa kusimama hunyonyeshwa kwa chupa usiku huo huo. Ndama aliyekosa dang'a huenda akaonekana mzima mwanzoni, kisha akaanza kuharisha, na watu wakalaumu hali ya hewa.

Nimesema mengi kuhusu kijana, na nina sababu. Tunapozungumza juu ya ufugaji katika nchi hii tunazungumzia aina ya ng'ombe, bei ya lita, mkopo wa kujenga zizi. Watu wengi wa Rongo na Homa Bay walio Nairobi, Kisumu au ng'ambo wamenunua ng'ombe wa gredi wakawaacha kwa wazazi wazee, wakiwafuga kwa simu. Hununua mnyama kwa fedha nyingi, hujenga banda la saruji, kisha hutafuta mtu wa kumtunza kwa mshahara mdogo kabisa wanaoweza kumshawishi aukubali. Mtu huyo akiondoka baada ya miezi mitatu, huja mwingine, naye huanza kuwajua ng'ombe upya, na ni katika miezi hiyo ya kutojuana ndipo mweupe huacha kucheua na hakuna anayeona. Ng'ombe akifa husemwa kwamba ng'ombe wa gredi hawafai Nyanza.

Mwalimu amekaa na kijana wake miaka mingi. Humlipa mwisho wa mwezi bila kukumbushwa, humpa maziwa yake ya kila siku, na yule ng'ombe mwekundu atakapozaa jike la pili, jike hilo ni la kijana. Walikubaliana hivyo mbele ya Mama. Mwalimu haoni huo kuwa ukarimu. Anasema anamlipa mtu anayejua, na ujuzi huo haununuliwi dukani kwenye agroveti.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kununua ng'ombe, au uliyenao tayari mahali ambapo hulali, anza na swali hili kabla ya aina na kabla ya bei: ni nani atakayesimama mlangoni pa zizi kila alfajiri na kumjua? Ukiwa ni wewe, nenda ukasimame. Akiwa ni mwingine, mfunze, msikilize anaposema leo huyu hacheui, na umlipe kama fundi, kwa sababu ni fundi.